Kununua Chakula Kilichokaushwa kwa Kugandishwa kwa Jumla: Mwongozo Kamili wa Safari za Mtumbwi na za Miguu

Makundi mengi yanayopanga safari ya kwanza ya mtumbwi katika Boundary Waters, eneo la maziwa na misitu kaskazini mwa Minnesota, Marekani, hukwama mahali pamoja. Wananunua makopo makubwa ya chakula kilichokaushwa kwa kugandishwa, wanajumlisha "servings" (sehemu za kula mtu mmoja kwa hesabu ya kiwanda) zilizoandikwa kwenye lebo, wanaona zinatosha. Siku ya tatu msituni watu wanalala na njaa, na huko nyumbani makopo yaliyofunguliwa yameshaingia unyevu. Makosa yote mawili huanzia dukani, kabla hata ya mtumbwi kugusa maji.

Dawa ni kuacha kabisa kununua kwa "servings". Nunua kwa kalori na gramu, chagua vyakula visivyochanganywa (nyama peke yake, njegere peke yake, mayai peke yake), halafu jenga mapishi yako mwenyewe. Ukifanya hivyo utapunguza gharama, utapunguza chumvi, na utakula pilau badala ya tambi zenye ladha ya karatasi.

Hesabu zote hapa ni za watu 4, siku 6 na usiku 5, yaani vifungua kinywa 5, vyakula vya mchana 6 na vya jioni 5. Kundi lako likiwa kubwa zaidi, zidisha, ila kumbuka kwamba Boundary Waters hairuhusu kundi la zaidi ya watu 9.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kununua chochote

- Mizani ya jikoni inayosoma gramu 1. Bila mizani mwongozo huu hautakusaidia.
- Daftari au jedwali kwenye simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na chakula cha safari ndivyo kilivyo.
- Mifuko ya zipu ya friza, ile minene, ya ukubwa wa lita 1 na lita 4 hivi.
- Mifuko ya Mylar (mifuko ya rangi ya fedha isiyopitisha hewa) na vifyonza oksijeni (vipakiti vidogo vinavyonyonya oksijeni ndani ya mfuko), kwa chakula kitakachokaa zaidi ya wiki chache.
- Pasi ya nguo au pasi ya nywele ya kufungia Mylar.
- Mtungi wa kioo wenye kifuniko kinachobana, wa kuhifadhia vifyonza oksijeni ambavyo bado hujavitumia.
- Kalamu ya wino usiofutika.
- Kifungua kopo imara na vifuniko vya plastiki vya makopo makubwa.

## Hatua ya 1: Elewa unachokinunua

Kwenye lebo kuna maneno mawili yanayofanana na yasiyo sawa kabisa. "Freeze-dried" ni chakula kilichogandishwa kisha barafu yake ikafyonzwa ndani ya ombwe, bila kupita kwenye hali ya maji. "Dehydrated" ni chakula kilichokaushwa kwa hewa ya moto.

Tofauti utaiona jikoni. Njegere iliyokaushwa kwa kugandishwa hubaki na umbo lake, imejaa vitundu kama sifongo, na ikimwagiwa maji ya moto huwa tayari ndani ya dakika 5 hadi 10. Njegere iliyokaushwa kwa moto imejikunja kama kokoto. Yataka kuchemshwa dakika 20 au zaidi, na gesi yako inaondoka nayo.

Vitundu hivyohivyo vina ubaya wake: vinanyonya unyevu wa hewa kwa kasi. Weka stroberi moja kavu kwenye kiganja siku ya joto la Julai. Mwanzo inavunjika kama biskuti. Baada ya muda kidogo inanata vidoleni, na ukiibonyeza inalala chini bila sauti. Hilo ndilo linalotokea ndani ya kopo lililoachwa wazi, na ndiyo sababu hatua ya 6 hapa chini ni ya kufuatwa kwa makini.

## Hatua ya 2: Hesabu kalori, kisha gramu

Mtu mzima anayepiga kasia na kubeba mtumbwi nchi kavu kutoka ziwa hadi ziwa anahitaji kalori 2,500 hadi 3,500 kwa siku. Tumia 3,000 kama huna uhakika. Zigawe hivi kwa kila mtu:

Asubuhi, kalori 700 hivi: oti gramu 80, maziwa ya unga yenye mafuta gramu 30, sukari gramu 15, stroberi kavu gramu 10, karanga gramu 25.

Mchana na vitafunio, kalori 1,250 hivi: tortila (chapati nyembamba za Kimeksiko) 2, siagi ya karanga gramu 60, tende gramu 80, karanga gramu 50. Chapati za nyumbani zinafaa siku mbili za kwanza, zaidi ya hapo zinaota ukungu.

Jioni, kalori 950 hivi: pilau iliyoelezwa kwenye hatua ya 4.

Jumla inakaribia kalori 2,900 na gramu 700 za chakula kwa mtu kwa siku. Kwa kundi lote na safari nzima ni kilo 15 hivi.

Tazama tena orodha hiyo. Sehemu kubwa ya uzito ni vitu vya duka la kawaida, wala havina uhusiano na makopo. Teknolojia hii ya kugandisha na kukausha ina faida pale tu chakula kibichi kilipojaa maji au kinapooza haraka: nyama, mayai, mboga, matunda. Mchele, oti, sukari na maziwa ya unga vimekauka tayari. Kuvinunua ndani ya makopo ya bei ya juu ni kulipia bati.

## Hatua ya 3: Soma lebo kama mfanyabiashara

Kopo kubwa la biashara hii huitwa namba 10. Lina kimo cha inchi 7 na upana wa inchi 6 na kidogo, na linaingiza lita 3 hivi. Ukubwa ni mmoja lakini uzito wa ndani unatofautiana mno: kopo la stroberi linaweza kuwa na gramu 200 tu, wakati kopo hilohilo la mchele lina zaidi ya kilo 2. Kwa hiyo kulinganisha bei ya kopo kwa kopo hakuna maana.

Fanya hesabu hii kwa kila bidhaa unayoifikiria:

1. Zidisha kalori za "serving" moja kwa idadi ya "servings".
2. Gawa bei kwa jibu hilo.
3. Zidisha kwa 1,000. Hiyo ndiyo bei ya kalori 1,000.

Mfano: kopo la dola 50 lina "servings" 10 za kalori 250. Jumla ni kalori 2,500, sawa na dola 20 kwa kila kalori 1,000. Pakiti ya dola 12 yenye kalori 600 nayo ni dola 20. Kopo halikuokoa senti, na bado una kazi ya kuligawa. Tena "servings" 10 za kopo hilo ni chakula cha jioni cha watu wawili na nusu, si watu kumi.

Kwa nyama na mayai linganisha bei ya gramu 100 za protini badala ya kalori. Kwa mboga na matunda linganisha bei ya gramu 100 za uzito mkavu. Mboga hununui kwa ajili ya nguvu, unanunua ili chakula kiwe chakula.

Mambo mengine manne ya kukagua kwenye lebo:

Chumvi. Milo iliyochanganywa tayari mara nyingi ina sodiamu miligramu 700 hadi 1,000 kwa "serving" moja, na mtu mwenye njaa hula mbili. Mwenye shinikizo la damu asikubali hilo kwa siku sita mfululizo.

Halali. Kopo la nyama ya ng'ombe au kuku lisilo na alama ya halali lichukuliwe kuwa si halali. Angalia pia jelatini na mafuta ya nguruwe kwenye milo iliyochanganywa. Njia iliyo rahisi ni kununua mayai, maharage na mboga za makopo, kisha protini ya jioni itoke kwenye soya kavu au dagaa. Dagaa wa maduka ya Kiafrika mjini Minneapolis, Columbus au Toronto ni wakavu tayari na wepesi. Wakaange nyumbani, wapoe kabisa, wafunge mara mbili kwa sababu ya harufu.

Ndoo za dharura. Zile ndoo zinazotangaza mamia ya "servings" kwa bei ndogo mara nyingi zimejazwa vinywaji vya sukari, uji na mchele. Piga hesabu ya kalori na protini kabla ya kushawishika na picha ya ndoo.

Muda wa kukaa. Miaka 25 au 30 iliyoandikwa ni ya kopo ambalo halijafunguliwa, lililo mahali pa baridi na pakavu. Likishafunguliwa, watengenezaji wanatofautiana sana: wapo wanaosema wiki moja, wapo wanaosema mwaka kwa matunda na mboga. Fuata lebo ya kopo lako, na nyama ihesabu kuwa ya kwanza kuharibika kwa sababu ya mafuta yake.

## Hatua ya 4: Nunua kidogo, pika nyumbani, andika mapishi

Usinunue kasha la makopo 6 la kitu ambacho hujawahi kukionja. Nunua pakiti ndogo au kopo moja, upike jikoni kwa njia ileile utakayotumia kambini: maji yaliyochemka, sufuria moja, moto umezimwa.

Kipimo cha maji kitafute mwenyewe. Weka gramu 30 za nyama kavu kwenye bakuli, mimina maji ya moto mililita 40, funika dakika 10. Kisha chukua kipande kikubwa kuliko vyote ukivunje katikati. Kikiwa tayari, rangi ya ndani inalingana na ya nje na kinachanika kwa nyuzi. Kisipokuwa tayari utaona kiini cheupe kikavu kama chaki, na ukikitafuna kinalia. Ongeza maji mililita 10, subiri dakika 5, jaribu tena. Andika jumla ya maji na dakika.

Pilau hii imepangwa kwa mtu mmoja:

- Mchele wa kupikwa haraka, gramu 120
- Nyama ya kusaga iliyokaushwa kwa kugandishwa, gramu 35
- Njegere na karoti kavu, gramu 20
- Tui la nazi la unga, gramu 20
- Vitunguu vikavu, gramu 5
- Bizari ya pilau, gramu 3
- Chumvi, gramu 2
- Mafuta, kijiko kikubwa 1, hubebwa kwenye chupa yake
- Maji, mililita 450 hadi 500

Mchele lazima uwe ule wa haraka, uliopikwa na kukaushwa kiwandani. Basmati ya kawaida haiivi kwa kulowekwa tu. Mafuta nayo usiyaruke: kijiko kimoja kina kalori 120 hivi, na hakuna kitu kingine chepesi namna hiyo kinachokupa nguvu kiasi hicho.

Kwa watu 4 mfuko mmoja wa jioni utakuwa na gramu 820 za vitu vikavu na maji lita 1.8 hadi 2. Tengeneza mapishi matatu ya namna hiyo, si matano. Nyama, kuku wa nazi, na maharage yenye mboga vinatosha kuzunguka siku tano.

Kisha kula milo hiyo nyumbani siku mbili mfululizo. Tumbo lisilozoea maharage na mboga kavu hujaa gesi, na ni bora lijulikane hilo ukiwa kwako kuliko ndani ya hema la watu wanne.

## Hatua ya 5: Nunua kiasi sahihi, kwa wakati sahihi

Kutokana na mapishi, jumlisha kila kitu. Kwa safari yetu: nyama ya kusaga kwa jioni 3 ni gramu 420, kuku kwa jioni 1 ni gramu 140, mboga kwa jioni 5 ni gramu 400, stroberi gramu 200. Ukitaka asubuhi mbili kati ya tano ziwe za mayai, ongeza gramu 320 za mayai, yaani gramu 40 kwa mtu.

Maana yake ni kopo 1 la kila kimoja. Makopo 5!

Kuku ni gramu 140 tu, hivyo kumnunulia kopo zima ni hasara kama huna safari nyingine karibuni. Hapo chukua pakiti ndogo, au tafuta familia mbili tatu zenye safari mwaka huohuo mgawane makopo. Kugawana ndiyo njia pekee ambayo bei ya kasha inakuwa na faida ya kweli kwa watu wa kawaida.

Nchini Marekani Septemba ni mwezi wa kitaifa wa kujiandaa na dharura, na wauzaji wengi hupunguza bei. Punguzo jingine huja mwishoni mwa Novemba. Kununua wakati huo kuna faida ya pili: kufungasha utafanya majira ya baridi, wakati hewa ya ndani ya nyumba zenye hita imekauka sana. Hiyo ndiyo hewa unayoitaka.

Makopo yakifika, yakague siku hiyohiyo. Rudisha kopo lililovimba, lenye kutu, au lililobonyea kwenye mshono wa juu, wa chini au wa ubavuni. Kubonyea kidogo katikati ya ubavu, mbali na mshono, hakuna neno.

## Hatua ya 6: Fungua na gawa kwa mkupuo mmoja

Kwa nini usibebe kopo lenyewe? Kwanza, Boundary Waters hairuhusu makopo wala chupa za kioo za chakula na vinywaji, na mbuga za Algonquin na Quetico kule Ontario, Kanada, zina katazo kama hilo kwenye maeneo ya ndani. Pili, kopo lililofunguliwa kambini kando ya ziwa litalowa kabla hujalimaliza.

Kabla ya kufungua, tayarisha kila kitu mezani: mifuko yote imeandikwa, mizani imewashwa, watu wawili wako tayari. Chagua siku kavu. Kama ni kiangazi, washa kiyoyozi saa chache kabla na funga madirisha. Usipike wala kuchemsha chai jikoni humo wakati wa kazi, kwa sababu mvuke wa birika moja unatosha kuharibu.

1. Andika kila mfuko: jina la mlo, idadi ya watu, maji kwa mililita, dakika za kusubiri, tarehe. Andika kabla ya kujaza, wino haushiki vizuri kwenye mfuko wenye vumbi la chakula.
2. Fungua kopo moja tu. Toa kipakiti cha kifyonza oksijeni kilichomo, kitupe. Kisiingie kwenye sufuria.
3. Onja kipande. Kivunjike kwa sauti. Kikiwa laini au kina harufu ya mafuta yaliyochacha, kopo hilo lirudi dukani.
4. Pima na jaza mifuko yote inayohitaji chakula hicho, kisha funika kopo. Ndipo ufungue la pili.
5. Vipande vikubwa viwe juu na vumbi lililobaki chini ya kopo ligawanywe sawa. Vumbi la nyama lina ladha kuliko vipande vyenyewe, usilitupe.
6. Bana hewa kwa mkono, funga zipu, kisha tia mfuko ndani ya mfuko wa pili.

Mashine ya kunyonya hewa itumie kwa tahadhari. Vipande vikavu vina ncha kali, na mfuko ukibanwa sana hutobolewa kwa matundu yasiyoonekana. Ukiitumia, simamisha mashine kabla mfuko haujabana kabisa, au funga chakula kwa karatasi ya jikoni kwanza.

Kazi ikienda vizuri, makopo matano humalizika kwa saa moja na nusu, na mfuko ukitikiswa siku ya pili bado unalia kama njuga. Mfuko usiolia umeingia unyevu. Ule upikwe wiki hiyo, usisubiri safari.

## Hatua ya 7: Chakula cha miezi, na makopo yaliyobaki

Mifuko ya zipu iliyojazwa vitu vikavu vizuri inatosha kwa wiki chache. Ukifungasha Januari kwa safari ya Julai, tumia Mylar na vifyonza oksijeni.

Hewa ina oksijeni asilimia 21, hivyo lita 1 ya hewa ina sentimita za ujazo 210 hivi. Chakula cha namna hii kimejaa hewa ndani ya vitundu vyake, ndiyo maana kinahitaji vifyonza vingi kuliko mchele. Kwa mfuko wa lita 1 weka kifyonza cha sentimita za ujazo 200. Kwa mfuko wa lita 4 weka cha 500. Kuzidisha hakudhuru.

Vifyonza vikishatoka kwenye pakiti yake vinaanza kazi mara moja. Toa unavyohitaji kwa dakika 15 zijazo, vingine viingie kwenye mtungi wa kioo na kifuniko kikazwe. Kizima ni laini, unga wake unacheza ukikibonyeza. Kilichokwisha kimekuwa kigumu kama tofali dogo.

Funga Mylar kwa pasi yenye moto wa kati, upana wa sentimita 1 au zaidi, kisha vuta pande mbili kwa nguvu. Mshono mzuri hauachii. Kesho yake mfuko unaweza kukumbatia chakula au usikumbatie. Usihangaike, kwani kinachoondolewa ni oksijeni tu, karibu sehemu moja kati ya tano ya hewa iliyomo.

Tahadhari tatu ambazo hazina mjadala. Usiweke kifyonza oksijeni na chakula chenye unyevu, kama zabibu laini, tende au nyama ya kutafuna iliyo laini: unyevu ukizidi asilimia 10 bila oksijeni, bakteria wa sumu ya botulini wanapata makazi. Usiweke kifyonza kwenye mfuko wa sukari au chumvi tupu, vitakuwa jiwe. Na usichanganye kifyonza oksijeni na kipakiti cha kukausha unyevu ndani ya mfuko mmoja, kwa kuwa cha kwanza kinahitaji unyevunyevu kidogo ili kifanye kazi.

## Hatua ya 8: Pakia kwa ajili ya maji na dubu

Chakula hiki ni chepesi lakini kinakula nafasi. Mfuko mmoja wa jioni wa watu 4 huchukua lita 2.5 hadi 3, hivyo jioni tano ni lita 15. Kwa mtumbwi hilo si tatizo: pipa la plastiki la lita 60 lenye pete ya kufunga huingiza karibu kila kitu, na mtumbwi ukipinduka pipa linaelea. Kwa wanaotembea kwa miguu, ponda mboga na matunda kidogo ndani ya mfuko upunguze ujazo.

Panga kwa siku. Siku ya mwisho chini, ya kwanza juu. Mafuta na siagi ya karanga vikae kwenye mfuko wao peke yao.

Pipa halimzuii dubu mweusi. Katika Boundary Waters chakula kinapaswa kuwa ndani ya chombo kilichothibitishwa kuzuia dubu, au kininginizwe futi 12 kutoka ardhini na futi 6 kutoka kwenye shina la mti. Dawa ya meno, sabuni na takataka navyo vihesabiwe kama chakula.

Kama njia yako inavuka mpaka kuingia Quetico, tangaza chakula chote forodhani. Mifuko isiyo na lebo yenye nyama ndani ni rahisi kuchukuliwa. Kwa safari hiyo beba nyama na mayai kwenye pakiti za kiwandani ambazo hazijafunguliwa, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

## Hatua ya 9: Kupika kambini bila kukosea

Kugandisha na kukausha hakuui vijidudu. Vinalala tu. Kwa hiyo maji ya ziwa yachemke kwa dakika 1 nzima, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Ukitaka kuloweka kwa maji baridi, yachujwe na kutiwa dawa kwanza.

Chemsha maji, tia mafuta, mimina mfuko, koroga hadi chini kwa sababu tui la unga hushika kwenye pembe za sufuria. Zima moto, funika, vika sufuria kikoti cha karatasi ya fedha ya kuhami joto au sweta safi. Subiri dakika 15. Koroga tena, onja kipande cha nyama, siyo wali, maana nyama ndiyo inayochelewa.

Ikiwa nje ni laini na ndani ni kavu, tatizo ni joto lililopotea, siyo uchache wa maji. Rudisha kwenye moto mdogo dakika 2, funika tena. Ikiwa ni supu, acha wazi dakika 5. Ukiwa milimani, kwenye mita 3,000 maji huchemka karibu nyuzi 90, hivyo muda wa kusubiri uwe karibu mara mbili.

Gesi: lita 1 ya maji hutumia gramu 15 hivi pasipo upepo. Kundi letu linahitaji lita 5 kwa siku, chai ikiwemo, yaani lita 25 kwa safari. Hiyo ni gramu 375. Ongeza theluthi kwa upepo na maji baridi ya asubuhi, unafika gramu 500. Beba mitungi 3 ya gramu 230.

Maji ya kuoshea vyombo yamwagwe futi 150 kutoka ziwani, mita 45 hivi. Karatasi za fedha zisichomwe motoni, hazimaliziki. Zirudi nyumbani ndani ya mfuko wa zipu uliomaliza kazi.

## Hatua ya 10: Ukirudi

Pima kilichobaki siku hiyohiyo, kabla hujafua nguo. Andika mlo upi uliisha wote, upi ulibaki, na kwa gramu ngapi. Mfuko ambao haukufunguliwa na bado unalia ukitikiswa urudi mahali pa giza na baridi, na tarehe mpya. Uliofunguliwa msituni upikwe wiki hiyo. Mwaka ujao anza kwenye hatua ya 5 ukiwa na namba zako mwenyewe, na mara nyingi utakuta mboga ziongezwe kidogo na oti zipunguzwe.